Mate ya Namba Kumi na Nne

Kwa miaka kumi na miwili alikula mshahara wake kwa kutunza vitu ambavyo watu wengine huvitema, huvifuta au huvimwaga chooni. Alikuwa fundi wa maabara katika chuo kikuu, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho, kwenye chumba chenye friza tatu zilizokoroma mchana kutwa kama wazee walioshiba. Mkojo wa madereva wa malori, damu ya wajawazito, mate ya wanafunzi wanaosubiri mitihani, vyote vilipita mikononi mwake, vikapewa namba, vikagandishwa, vikapanga foleni. Wenyewe hakuwajua. Alizijua namba zao, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haya, mpole hadi kupitiliza, hilo lilimfaa. Namba haimuulizi mwanamke wa miaka thelathini na sita ataolewa lini.

Jina la Dada Barafu alipewa na mabondia. Kila Jumanne saa moja asubuhi aliingia katika ukumbi wao wa mazoezi, ghala la zamani lenye mapaa ya bati na harufu ya jasho lililokauka kwenye ngozi, akiwa amening'iniza begani sanduku la buluu lililojaa barafu. Ndani ya barafu kulikuwa na vichupa ishirini na viwili, kila kimoja kikubwa kama kidole cha mtoto. Mabondia walipaswa kuvijaza mate.

Utafiti ulikuwa wa daktari mmoja wa chuo, mama mwembamba ambaye hakuwahi kumaliza kikombe cha chai. Alitaka kujua mashindano ya ngumi yanafanya nini na homoni za wanamichezo. Alikuwa akiwaeleza mabondia jedwali lake kwa lugha nyepesi. Kabla ya pambano, alisema, mwili unajua. Homoni ya msongo inapanda hata ukiwa umekaa kwenye benchi unafunga kamba za viatu. Testosteroni, homoni ya kiume inayootesha ndevu, nayo hupanda kidogo, kama mtu anayesimama kwa vidole ili aone mbele. Ukishinda, mara nyingi hupanda zaidi. Ukishindwa, huweza kuporomoka. Lakini anayejinyima chakula wiki nyingi ili aingie kwenye uzito mdogo, huyo mwili wake huanza kuzima taa za vyumba kimoja kimoja. Unabakiza sebule na jiko. Vingine vinakaa giza.

Dada Barafu hakuhitaji kuambiwa. Mdogo wake alikuwa bondia.

Alikuwa amemlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake tisa. Walikaa nyumba ya vyumba viwili, jiko likiwa kwenye ukumbi mwembamba katikati. Kijana alikua mrefu, mwembamba, mikono mirefu kupita kiasi, na ukumbini wakamwita Uzi. Akishinda, aliimba bafuni siku tatu mfululizo, akajitolea kurekebisha kila kitu ndani ya nyumba, hata visivyoharibika. Akishindwa, alikaa mbele ya sahani akiitazama kama barua aliyoandikiwa mtu mwingine, hata kumtania dada yake akawa hawezi.

"Hilo jedwali lako mimi ninaishi nalo," Dada Barafu alimwambia daktari siku moja, kwa sauti yake ndogo. "Miaka minane sasa. Tena linakula."

Shida ni kwamba lilikuwa limeacha kula. Kocha alikuwa amemteremsha Uzi kutoka kilo sitini hadi hamsini na saba, kwa hesabu kwamba kwa uzito ule hakuna atakayemfikia mkono. Kwa maumbile yake Uzi alikuwa mtu wa kilo sitini na sita. Basi tofauti hiyo ilibidi itoke mahali fulani. Alianza kuvaa sweta mchana wa jua kali. Alisinzia akiwa amesimama akisubiri maji ya kuoga yachemke. Mara moja dada yake alisikia kishindo bafuni, akamkuta amekaa sakafuni, ndoo imelala ubavu, anacheka, anasema sabuni imemtelezesha. Sabuni ilikuwa juu ya kidirisha, kavu.

Halafu ikaja ile chupa. Aliikuta nyuma ya mlango wa jiko, chupa ya soda, nusu imejaa kitu cheupe chenye povu. Mtu mwingine angeuliza ni nini. Yeye alijua kwa kutazama tu.

"Haya mate ya nani?"

"Yangu, dada. Natafuna chingamu, natema. Hapo ni gramu mia tatu. Nikiyameza, nanenepa tena."

"Hivi unajisikia unavyosema?"

"Sasa wewe dada wa mate utanilaumu mimi kwa mate? Kila mtu na majimaji yake. Wewe unayagandisha, mimi nayatema."

Alicheka, na midomo ikampasuka katikati, tone la damu likachomoza. Alilifuta kwa mkono wa sweta. Dada Barafu aliirudisha chupa nyuma ya mlango. Ndivyo alivyokuwa, maneno yake yalifika mlangoni yakavua viatu, yakaona aibu kuingia.

Alipiga moyo konde akaenda kwa kocha. Kocha, mtu mfupi mwenye pua iliyovunjwa mara mbili, alimpa kiti, akamfutia na vumbi. "Dada yangu, nakuheshimu sana," alisema. "Lakini mimi nilianza kufundisha ngumi wewe hujaota meno. Kijana ana njaa, ndiyo. Bondia aliyeshiba umemwona wapi?" Akamsindikiza hadi mlangoni kwa adabu zote. Alitoka pale ameagwa vizuri na hana kitu mkononi.

Akaenda kwa Kinyozi. Huyu alikuwa bondia wa uzito wa juu, mnene wa shingo, mwenye kibanda cha kunyolea karibu na ukumbi. Alikuwa rafiki wa Uzi wa kufa na kuzikana.

"Ndugu yako nimemfuta kwenye orodha ya wateja," Kinyozi alimwambia, mashine ikinguruma juu ya kichwa cha mzee aliyesinzia. "Zamani kila siku ya tatu kidevu kimejaa. Sasa wiki mbili, tatu, hakuna kitu. Juzi nimemkalisha hapo, nanyoa hewa. Nikamwambia, bwana, ndevu zako zimekwenda likizo?"

Mzee wa kwenye kiti alicheka macho yamefumbwa. Dada Barafu naye alicheka, kwa adabu. Kinyozi wa watu alikuwa ametoa jibu la maabara bila kujua.

"Mwambie ale," alisema. "Wewe anakusikiliza."

"Ananisikiliza nikimwambia ajikinge ulingoni. Ale? Thubutu."

Ndipo alipofikiria lile alilofikiria. Maneno yake hayakuwa na uzito kwa mdogo wake, wala kwa kocha, wala kwa mtu yeyote. Lakini namba zilikuwa na uzito. Daktari wa chama cha ngumi asingebishana na namba. Aliingia ofisini kwa bosi wake, yule daktari wa utafiti, akasimama badala ya kukaa.

"Nimeona tuongeze kipengele," alisema. "Testosteroni ya mshiriki ikishuka chini ya mstari wa afya, Jumanne mbili mfululizo, unamwandikia daktari wa chama ampumzishe. Yeyote yule."

Daktari alimtazama juu ya miwani. Utafiti ulikuwa na sheria: majibu hayatolewi kwa washiriki, na anayepima hapaswi kujua namba ni ya nani. Orodha ya majina na namba zake ilikuwa kwenye kabati la daktari. Lakini ni Dada Barafu aliyebandika vibandiko kwenye vichupa, na kila mtu alijua kwamba alijua.

"Kwa nini mara mbili? Kwa nini si moja?"

"Mara moja mtu anaweza kuwa hakulala vizuri. Si haki."

"Yeyote yule," daktari alirudia taratibu, akakiandika.

Kamati ya chuo ilikipitisha kipengele na kukisifu. Mabondia wakapewa karatasi mpya, wakatia saini bila kuisoma, kama watu wote. Mpimaji hakuruhusiwa kumfafanulia mshiriki kipengele kinachoweza kumhusu, kwa hiyo Dada Barafu aliziokota karatasi zile, akazipanga kwa namba, akanyamaza. Lilikuwa limebaki jambo moja tu la kumwondoa mdogo wake kwenye ule uzito kabla mwili haujazima taa ya mwisho: Jumanne mbili mfululizo.

Hapa yafaa kueleza jinsi mate yale yalivyochukuliwa. Mtu hatemi. Anainamisha kichwa, analegeza taya, anaacha mate yadondoke yenyewe kupitia mrija hadi kichupa kijae. Wiki ya kwanza kabisa mabondia waligoma. Hawa walikuwa watu waliozoea kuvuja damu puani mbele ya umati bila kupepesa, lakini kudondosha udenda kama mtoto anayeota meno, mbele ya dada wa watu aliyekaa na daftari, hilo liliwashinda. Dada Barafu ndiye aliyepata ufumbuzi. Aligeuza kiti chake kikatazama ukuta, penye tangazo la usafi wa ukumbi, akawapa mgongo. Mtu aliita namba yake, yeye akabonyeza saa ya kuhesabia sekunde. Mtu akisema tayari, akabonyeza tena, akapokea kichupa juu ya bega, akaandika muda. Tangu siku hiyo hakuna aliyegoma. Daktari alimsifu mbele ya wenzake. Ilikuwa mara ya kwanza haya yake kumletea sifa, na moyoni alijivunia kidogo.

Muda uliandikwa kwa sababu mate mengi na mate machache husema mambo tofauti. Kwenye daftari, mbele ya namba kumi na nne, Jumanne ya kwanza aliandika dakika nne. Ya pili, tano. Ya tatu, saba. Ya nne, tisa.

Jumanne ya tano wenzake wote walimaliza wakaenda kuoga. Dada Barafu alibaki na ukuta wake. Nyuma yake kulikuwa na pumzi tu, na mara moja moja ulimi mkavu ukijinasua kwenye kaakaa. Dakika sita. Dakika nane.

"Dada, huna limau hapo?"

"Limau haliruhusiwi. Linaharibu sampuli."

"Basi nitajie kitu."

"Kitu gani?"

"Cha kula. Labda yatakuja."

Alisoma tangazo la usafi mstari mmoja, asione alichosoma. "Mayai," alisema hatimaye, akiuambia ukuta. "Mayai mawili ya kukaanga. Kingo zimekauka kidogo, katikati laini."

"Ehe."

"Mkate. Umetoka kuokwa, siagi inayeyukia ndani. Na chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu."

"Vinne."

"Vinne. Na juu yake kitunguu kinakaangika kwenye mafuta, kile unachokipenda, kilichokolea rangi."

"Kitunguu kwenye chai?"

"Kwenye mayai, wewe."

Walicheka wote wawili, mmoja akiutazama mgongo, mwingine akiutazama ukuta. Alimlisha hivyo, kwa maneno, kama alivyomlisha kwa kijiko alipougua surua mwaka ule wa msiba, mpaka Uzi akasema tayari. Dakika kumi na tatu. Siku hiyo Dada Barafu alikosa gari la chuo, akatembea na sanduku begani hadi kazini, akafika saa nne na nusu, akagombezwa na mtunza friza mwenzake.

Alhamisi alipima. Mashine ilitoa karatasi yake ndefu, akashuka nayo kwa kidole. Kumi na mbili, sawa. Kumi na tatu, sawa. Kumi na nne, chini ya mstari. Si kidogo, chini kabisa, namba ya mzee wa miaka themanini. Alikaa juu ya stuli akaitazama. Kuna watu ambao wangelia. Yeye alijisikia kama mtu aliyesukuma mlango mzito ukasogea kidogo. Moja tayari. Bado moja.

Wiki ile hakulala usingizi wa maana. Jumanne ya sita aligeuza kiti, akatega masikio, akajiandaa kutaja vyakula. Alikuwa hata ameviwaza njiani: viazi, nyama yenye mchuzi mzito, ndizi mbivu. Mabondia walipita mmoja mmoja. Nyuma kukawa na kicheko kilichofinywa, viatu vikaburuzika, mtu akakohoa.

"Namba kumi na nne."

Alibonyeza.

"Tayari, dada."

Kichupa kilifika juu ya bega lake, cha moto, kimejaa hadi kwenye alama. Aliitazama saa. Dakika moja na nusu. Aliitikisa sikioni kama redio mbovu. Ilikuwa nzima.

"Umekunywa maji?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa jinsi ilivyofurahi.

"Ee, dada. Nimekunywa."

Aliandika *dakika 1 na nusu* kwa mwandiko wake mzuri, akakitia kichupa kwenye barafu.

Alhamisi namba kumi na nne ilikuwa juu ya mstari. Juu sana, namba ya mwanamume aliyekamilika, aliyelala, aliyekula. Dada Barafu alirudia kipimo mara ya pili, kisha ya tatu, na mashine ilishikilia neno lake. Basi Jumanne mbili mfululizo hazikupatikana, na barua haikuandikwa. Angepaswa kuvunjika moyo, lakini alijikuta amekaa kwenye stuli akitabasamu peke yake. Mwili wa mdogo wake ulikuwa umewasha taa. Nyumbani bado alimwona na sweta. Bado aliiona chupa nyuma ya mlango. Lakini alikuwa mtu wa namba. Macho yake yakimwambia hivi na namba ikimwambia vile, aliyafuta macho.

Ijumaa Uzi alipanda mizani amejifunga taulo, kisha akalivua, na mshale ukasimama kwenye hamsini na saba bila hata gramu ya ziada. Jumamosi alasiri lilikuwa pambano.

Dada Barafu alikuwepo kikazi. Sampuli zilitakiwa nusu saa kabla na nusu saa baada. Kabla, kocha alimzuia mlangoni: kijana amejifunika blanketi, asisumbuliwe. Aliandika *hakutoa*. Pambano aliliangalia akiwa amesimama kwenye njia ya kuingilia, sanduku miguuni. Raundi ya kwanza ile mikono mirefu ilifanya kazi yake. Ilikwenda na kurudi, mpinzani akawa anapigana na kitu asichokifikia. Ya pili nusu nusu. Ya tatu Uzi alikwisha. Miguu ilikuwa imemkana. Alimkumbatia mpinzani, akaachanishwa, akamkumbatia tena, akining'inia pale kama shuka lililoloa kwenye kamba, huku akipokea za mbavuni na za mdomoni. Watu walipiga kelele. Dada yake hakupiga. Alihesabu sekunde, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua.

Kengele ilimkuta bado wima. Waamuzi watatu kwa wawili walimpa yeye. Mkono wake uliinuliwa, na ulipoachiwa ukaanguka wenyewe.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimejaa mvuke na vicheko. Uzi alikaa kwenye benchi medali shingoni, mdomo umevimba, macho yanang'aa. Nusu saa ilipotimia Dada Barafu alimpa kichupa, akageuza kiti kuelekea ukuta kama desturi, akabonyeza saa.

Dakika kumi. Kumi na tano. Hadithi za pambano zilikuwa zimeshasimuliwa mara mbili. Dakika ya ishirini Kinyozi, aliyekuwa akimkanda mabega, alicheka kwa sauti yake nene.

"Vipi bwana, leo hutaki nikusaidie?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Dada Barafu, kwa mara ya kwanza tangu utafiti uanze, aligeuka.

"Kumsaidia nini?"

Kicheko kilipungua. Kinyozi alijikuna shingo. "Aa, dada, si ile Jumanne. Alikuwa amekauka kabisa. Na wewe wiki ya nyuma yake ulikaa pale mpaka ukakosa gari, ukatembea na lile sanduku. Tukakuonea huruma. Mimi mate ninayo mengi, nikamjazia. Kichupa chenyewe kidogo hivyo."

"Tukasema dada asiteseke," Uzi alisema, akimtazama kwa upendo mtupu.

Alisimama pale na saa ikiendelea kuhesabu mkononi. Dakika moja na nusu. Alikuwa ameiandika kwa mkono wake. Mtu asiye na mate dakika kumi na tatu, wiki moja baadaye anajaza kwa dakika moja na nusu, na yeye, msomi, fundi wa miaka kumi na miwili, akafurahi. Nani angewaona? Mgongo wake?

"Ungepumzishwa," alisema. Haikuwa ruhusa kusema, lakini alisema. "Wiki ya tano ulikuwa chini ya mstari. Ya sita ungekuwa chini tena. Ungepumzishwa."

Uzi alichukua muda kuelewa. Kisha alitazama medali, akamtazama Kinyozi, na uso wake uliovimba ukafunguka.

"Basi dada, mshukuru huyu mtu. Nusura niikose hii."

Watu wakampiga Kinyozi mgongoni kumpongeza. Kocha aliingia akiwa na karatasi: mashindano ya kanda, wiki tano zijazo, uzito uleule. "Hamsini na saba sasa ni nyumba yetu," alisema. "Tumeshalipia na pango."

Kichupa kilijaa dakika ya ishirini na sita. Uzi alikipitisha pale ambapo bega la dada yake lingekuwa kama asingegeuka, akacheka, akamkabidhi mkononi. Mate yalikuwa ya rangi ya waridi. Hiyo ndiyo sampuli pekee ya kweli aliyompa tangu wiki ya tano, na sheria ilikuwa wazi: yenye damu hutupwa. Damu ina homoni nyingi kuliko mate. Ikiingia, namba hupanda. Hata akiivunja sheria akaipima kwa siri, mashine ingemwambia kwamba mdogo wake ni buheri wa afya. Hata mate yake mwenyewe sasa yasingesema kweli. Alikitumbukiza kwenye ndoo ya taka.

Jumatatu alimweleza daktari yote, akiwa amesimama. Daktari alisikiliza, chai ikipoa. Alifungua jedwali, akafuta sampuli ya Jumanne ya sita ya namba kumi na nne, pakabaki pengo.

"Sasa imebaki moja," daktari alisema. "Kipengele kinasema mbili."

"Tuchukue kesho tena."

"Utafiti umekwisha, dada yangu. Ulikuwa unaishia kwenye pambano. Ruhusa ya kamati iliisha Jumamosi." Aliona uso wake, akanyanyua simu, akampigia daktari wa chama cha ngumi kwa hisani tu, si kwa barua. Dada Barafu alisikia sauti ya upande wa pili, ya kirafiki, ikipenya kwenye simu. Yule mrefu? Si ameshinda? Mama, nina mabondia kumi waliopigwa nusu kufa wa kuangalia, aliyeshinda ana tatizo gani?

Daktari aliweka simu chini. "Uliandika mbili," alisema, bila kumlaumu.

"Niliona ndiyo haki," alijibu.

Siku tatu Uzi aliimba bafuni. Alikula mayai sita kwa mkupuo, akatengeneza bawaba ya kabati isiyokuwa na kasoro, akamtania dada yake mpaka jirani akauliza kuna sherehe gani. Kinyozi alipita akamkagua kidevu, akatangaza kwamba ameona unywele mmoja. Ukimtazama Uzi siku zile ungeapa kwamba huyu ni mtu asiyeumwa kitu. Dada Barafu alimtazama. Alijua kinachoimba ni nini, na kwamba hakidumu.

Wiki ya pili sweta ilirudi. Asubuhi moja, kabla hajaenda kazini, alikuwa jikoni akiosha vikombe, mgongo kwa mlango. Alisikia kigoda kikivutwa, kizibo cha chupa kikifunguliwa, taya likitafuna. Kutafuna, kimya, kutafuna. Halafu ulimi ule mkavu ukijinasua.

"Dada."

"Naam."

"Hayaji. Nikishindwa hapa itabidi nikakimbie na ile mifuko ya plastiki mwilini nitoke jasho, na jua lenyewe unaliona." Alivuta pumzi. "Nitajie vile vyakula. Vya siku ile."

Maji yaliendelea kutiririka juu ya kikombe kilichokwisha takata. Alifikiria ile mifuko, na jua, na kishindo cha bafuni. Alifikiria kukataa, na akajua mdogo wake angesema sawa dada, kwa upole, akaenda kukimbia. Hakugeuka. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa jiko, na rangi imebanduka mahali palipofanana na kitu fulani ambacho hakuwahi kukitambua.

"Mayai," alisema.

"Ehe."

"Mawili. Kingo zimekauka kidogo."

Nyuma yake akasikia mate ya kwanza yakigonga kitako cha chupa tupu.